Asiyekuwapo na Lake Halipo: Nani Ashike Ufunguo wa Kamusi ya Tarakilishi?

Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii tumezoea kuitumia tunapomzungumzia mtu aliyekosa kikao akakosa na fungu lake. Hivi karibuni, hata hivyo, mwandishi wa makala haya amegundua kwamba methali hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya tarakilishi inapoulizwa neno. Neno lisilopatikana pale lilipotarajiwa halitafutwi uvunguni wala halisubiriwi. Hutangazwa mara moja kuwa halipo, na shauri likaisha. Kwa mpenzi wa Kiswahili hilo si jambo dogo, maana vijana wengi siku hizi hukutana na maneno yao katika simu na tarakilishi kabla ya kukutana nayo katika kamusi ya karatasi. Wakiambiwa "hakuna", wao huamini kwamba hakuna.

Azma ya makala haya ni kuwashawishi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kwamba kazi ya kupanga maneno katika vitu vya JSON, na ya kuyatafuta humo kwa lugha ya skripti, ni kazi yetu sisi. Si kazi ya kuwaachia wenzetu wa sayansi ya tarakilishi peke yao. Nitaanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Kisa cha ndoo

Kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili nimekuwa nikikusanya msamiati wa kale unaopatikana katika tenzi za lahaja za kaskazini, hususan Kiamu. Daftari lilipojaa, niliyanakili maneno hayo katika faili moja ya JSON, kila neno na maana yake. Baadaye nikaona vyema niiambatanishe na orodha ya maneno ya Kiswahili sanifu niliyokuwa nayo, ili msomaji wa kawaida aweze kulinganisha. Nikazibandika orodha hizo mbili katika kitu kimoja, moja chini ya nyingine, nikaiamuru skripti isome. Skripti ikasoma bila kunung'unika. Hapakuwa na onyo wala kosa.

Siku mbili baadaye nilikuwa nikisoma beti za mshairi wa Kiamu nikalifikia neno "ndoo". Msomaji wa tenzi anajua kwamba ndoo ya Kiamu ndiyo njoo ya Kiswahili sanifu, kama vile ndia ilivyo njia na ndaa ilivyo njaa. Nililiuliza faili langu, nikajibiwa: "chombo cha kutekea maji". Mwito wa mshairi ulikuwa umegeuka kuwa ndoo ya kisimani! Nikajaribu "tini", ambayo kwa Kiamu ni chini. Jibu: "tunda la mtini". Hapo nilitoka kijasho chembamba. Nilihesabu maneno ya faili baada ya kusomwa, nikayalinganisha na jumla ya orodha zangu mbili. Hesabu hazikuafikiana. Maneno yalikuwa yamepotea, na yote yaliyopotea yalikuwa ya orodha ile ya kwanza, yaani ya washairi wa kale.

Ndugu mmoja anayesomea sayansi ya tarakilishi alilitazama faili langu kwa dakika chache tu, akacheka. "Data yako haina neno," akaniambia. "Wewe umetumia ufunguo mmoja kwa milango miwili." Kauli hiyo ndiyo iliyonifungua macho.

JSON na jinsi ya kumtafuta mwanachama

Ili tuelewane, yafaa tueleze kwa ufupi. JSON ni namna ya kuandika data kwa maandishi ya kawaida ambayo binadamu anaweza kuyasoma na tarakilishi ikayasoma pia. Mmarekani Douglas Crockford ndiye aliyeiainisha na kuieneza mwanzoni mwa miaka ya 2000, akiichota kutoka katika JavaScript, lugha ya skripti iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995. Maelezo yake rasmi yalitolewa mwaka 2006, yakafanywa kiwango cha kimataifa kiitwacho ECMA-404 mwaka 2013, na kusahihishwa tena mwaka 2017. Leo data nyingi zinazosafiri baina ya tovuti na simu zetu zimevaa vazi hili.

Ndani ya JSON mna aina sita tu za thamani: maandishi, namba, ukweli au uongo, utupu, orodha na kitu. Orodha hufungwa kwa mabano ya mraba. Kitu hufungwa kwa mabano yaliyopinda, na ndani yake mna wanachama. Kila mwanachama ni jozi: ufunguo ulioandikwa ndani ya alama za mtajo, kisha nukta mbili, kisha thamani. Wanachama hutenganishwa kwa koma. Kamusi changa ya maneno mawili ingeonekana hivi:

{"mja": "binadamu", "ng'ombe": "mnyama wa kufugwa"}

Tukiisha kuipa jina kamusi, JavaScript hutuwezesha kumtafuta mwanachama kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya nukta: kamusi.mja. Ya pili ni ya mabano ya mraba: kamusi["mja"]. Lugha ya Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, hutumia njia hii ya pili. Njia zote hutoa jibu lile lile, yaani "binadamu". Mwanafunzi wa isimu ataona mara moja kwamba hapa hapana muujiza. Hiki ni kidahizo na fafanuzi yake, kama tulivyofundishwa katika leksikografia. Tofauti ni kwamba msomaji wa kamusi ya karatasi ana macho na busara. Akilikosa neno, hutupa jicho juu na chini ya ukurasa. Skripti haina jicho la pembeni. Huuliza ufunguo mmoja, herufi kwa herufi, na kupokea jibu moja.

Ajaye mwisho ndiye abakiye

Kosa langu sasa li bayana. Maelezo rasmi ya JSON yanashauri kwamba funguo za kitu kimoja zisirudiwe, lakini hayamkamati anayezirudia. Zikirudiwa, JavaScript na Python huchukua thamani ya mwisho na kuifuta ile iliyotangulia, tena kimyakimya. Kwa kuwa nilikuwa nimebandika orodha ya Kiswahili sanifu chini ya orodha ya Kiamu, kila penye mgongano sanifu ilikalia kiti na Kiamu kikatolewa nje. Tumezoea kusema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika faili langu mgeni alikuja na mwenyeji akapotea.

Wasomi wa historia ya lugha hii watanielewa nikisema kwamba kisa hicho kilinikumbusha mwaka 1928, pale kikao cha Mombasa kilipokichagua Kiunguja badala ya Kimvita kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Uamuzi ule, tuupende tusiupende, ulifanywa hadharani. Ulijadiliwa na bado unajadiliwa katika madarasa yetu. Uamuzi wa faili langu haukujadiliwa na yeyote. Ulifanywa na mpangilio wa mistari. Hofu yangu ni kwamba maamuzi kama hayo yanaendelea kufanywa kila siku katika faili za watu wasiojua kwamba kuna lahaja, na wala hawana sababu ya kujua, maadamu hakuna aliyewaambia.

Wala si lahaja pekee zinazoumia. Homonimu ni mali ya kila siku ya Kiswahili. Chukua neno "paa": ni sehemu ya juu ya nyumba, ni mnyama wa jamii ya swala, ni kwenda juu angani, na ni kuondoa magamba ya samaki. Chukua "cha": ni kupambazuka, na katika lugha ya kale ni kuogopa, maana ambayo bado inaishi katika uchaji Mungu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotoka mwaka 1981 na kurudiwa mwaka 2004, huvitenga vidahizo vya namna hiyo kwa kuvitia namba ndogo. Wakusanyaji wake waliujua ugonjwa na dawa yake. Dawa hiyo katika JSON ni rahisi mno: thamani ya kila ufunguo isiwe fafanuzi moja, bali iwe orodha ya vitu, na kila kitu kiwe na wanachama wake.

{"paa": [
 {"aina": "nomino", "ngeli": "LI-YA", "maana": "sehemu ya juu ya nyumba"},
 {"aina": "nomino", "ngeli": "A-WA", "maana": "mnyama wa jamii ya swala"},
 {"aina": "kitenzi", "maana": "kwenda juu angani"},
 {"aina": "kitenzi", "maana": "kuondoa magamba ya samaki"}
]}

Ukitaka maana ya pili utaandika kamusi["paa"][1].maana, kwa sababu tarakilishi huanza kuhesabu katika sifuri. Kwa njia hii ndoo ya Lamu na ndoo ya kisimani zitakaa nyumba moja bila kugombana, kila moja ikiwa na mwanachama aitwaye "lahaja" wa kuitambulisha. Fauka ya hayo, kwa kuwa maandishi ya JSON hukubali hati za lugha mbalimbali, hakuna kinachotuzuia kuongeza mwanachama aitwaye "ajemi", tukaliandika neno kwa hati za Kiarabu kama lilivyo katika miswada. Je, ni nani atakayekumbuka kuongeza mwanachama huyo kama si mwanafunzi wa fasihi?

Ritifaa inayovunja mlango

Kuna kikwazo cha pili ambacho nadhani kimetungwa mahususi kutujaribu sisi. Ukiandika kamusi.ng'ombe katika JavaScript, skripti itakataa hata kuanza kazi. Ritifaa katika lugha hiyo ni alama ya kufungulia maandishi, kwa hiyo skripti hudhani umeanza kunena jambo ukaliacha njiani. Njia ya nukta inafaa tu kwa funguo zenye sura ya jina la kawaida la skripti. Haifai kwa ng'ombe, ng'oa wala ng'ambo, na haifai pia kwa vidahizo vyenye nafasi katikati kama donda ndugu. Maneno hayo hayana budi kutafutwa kwa mabano ya mraba: kamusi["ng'ombe"].

Hata hapo mambo hayajesha. Programu nyingi za kuandikia huigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kutuuliza. Kwa jicho la binadamu alama hizo mbili ni kitu kimoja. Kwa tarakilishi ni herufi mbili tofauti zenye namba tofauti, na kwa hiyo ng'ombe wa ritifaa iliyonyooka na ng'ombe wa ritifaa iliyopinda ni wanyama wawili wasiojuana. Vivyo hivyo kwa herufi kubwa: "Ng'ombe" inayoanza sentensi siyo "ng'ombe" iliyomo kamusini. Suluhisho ni kusafisha neno kabla ya kulitafuta, yaani kulifanya lote liwe la herufi ndogo na kuibadilisha kila ritifaa iwe ya aina moja. Ni mstari mmoja wa skripti. Lakini mstari huo utaandikwa tu na mtu anayejua kwamba ng' katika Kiswahili ni sauti kamili, wala si pambo la tahajia.

Kutokuwapo na kutojulikana

Jambo la tatu linahusu maana halisi ya "hakuna". Ukimuuliza JavaScript mwanachama asiyekuwapo, hakemei. Hujibu undefined, neno lake la kusema kwamba hapana kitu kilichoelezwa hapo. Ukiendelea kumuuliza "maana" ya kitu hicho kisichokuwapo, ndipo skripti husimama kwa kosa. Python ni mkali zaidi. Huliita kosa hapo hapo, isipokuwa umemuuliza kwa adabu kwa njia ya kamusi.get("neno"), ambapo hujibu None.

Sasa tafakari hali ya mtafiti wa tenzi. Kuna maneno ambayo tumeyasoma katika miswada kwa macho yetu, yamo, lakini wasomi hawajaafikiana kuhusu maana yake. Neno la namna hiyo lipo, ila maana yake haijulikani. JSON ina thamani ya utupu, iandikwayo null, kwa ajili ya hali kama hii: mwanachama yupo, thamani yake ni tupu. Kutokuwapo ni jambo jingine kabisa. Lakini mwandishi wa skripti asipokuwa mwangalifu hali hizi mbili huchanganyika, maana Python huigeuza null kuwa None ile ile anayoitoa kwa neno lisilokuwapo. Ajuaye kazi yake ataanza kwa kuuliza kama ufunguo upo: "neno" in kamusi. Katika JavaScript swali hilo hupata jibu la kweli hata kwa mambo ambayo kitu kimeyarithi kwa asili yake, na kwa hiyo tangu mwaka 2022 kuna Object.hasOwn, inayouliza kuhusu mali ya kitu chenyewe tu.

Je, haya ni mambo ya kiufundi matupu? Sidhani. Kusema "neno hili limo lakini hatujui maana yake" ni unyenyekevu wa msomi. Kusema "neno hili halimo" ni hukumu. Tarakilishi haitatutofautishia mambo hayo mawili mpaka tuitofautishie sisi.

Kitabu na tabu

Kikwazo kikubwa kuliko vyote, na ndicho kinachothibitisha kwamba kazi hii ni yetu, ni mofolojia. Kamusi zetu huorodhesha vitenzi kwa shina. Hakuna kidahizo "wanasoma", kuna "soma". Katika lugha isiyo na viambishi vingi, neno lililomo katika sentensi mara nyingi ndilo lililomo kamusini. Kwetu sivyo. Piga hesabu ndogo: nafsi 6 mara njeo 4 za li, na, ta na me ni maumbo 24. Yazidishe kwa kauli 5 za piga, pigia, pigwa, pigisha na pigana, upate maumbo 120. Hapo bado hatujagusa ukanushi, ngeli nyinginezo, watendwa wala virejeshi. Mtoto akiuliza kamusi["hawakumpigia"] atajibiwa kwamba hakuna, ilhali kila mofimu ya neno hilo imo katika vitabu vyake vya shule.

Mtunga programu asiyeijua lugha atasema: basi tukate viambishi. Ataamuru skripti iondoe ki- mwanzoni mwa neno, na kitabu kitakuwa tabu. Ataamuru iondoe wa-, na wakati utakuwa kati. Ataamuru iondoe m-, na mama atakuwa ama. La kusikitisha ni kwamba tabu, kati na ama ni maneno halali yaliyomo kamusini. Skripti haitakosea kwa sauti. Itajibu kwa ujasiri, na itajibu uongo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Kiswahili angeweza kumwonya: litafute kwanza neno zima, ukilikosa, badili kiambishi cha wingi kwa cha umoja ulitafute tena, vitabu kwa kitabu, walimu kwa mwalimu, ukikosa tena, ndipo uvichambue viambishi vya kitenzi kwa mpangilio wake, kimoja baada ya kingine, na kila hatua uhakikishe kwamba mabaki ni aina ya neno iwezayo kupokea kiambishi ulichokiondoa. Hapo ndipo yule mwanachama aitwaye "aina" na yule aitwaye "ngeli" hulipa gharama ya kuandikwa kwao.

Kazi hii si ndoto. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki ametumia miaka mingi kuunda mfumo wa kuchambua maneno ya Kiswahili kwa tarakilishi. Mwaka 2006 Peter Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Guy De Pauw na Gilles-Maurice de Schryver, walichapisha utafiti kuhusu kuitambulisha tarakilishi aina za maneno ya Kiswahili. Tunawashukuru waliotangulia. Hata hivyo, yafaa tujiulize: miongoni mwetu tulio katika idara za Kiswahili, ni wangapi tuliowahi kuzisoma kazi hizo, seuze kuziendeleza?

Pingamizi na majibu yake

Najua wapo watakaosema kwamba fasihi ni utu na hisia, na kwamba kuyakatakata maneno ya mshairi na kuyatia katika mabano ni kuyaua. Pingamizi hili nina heshima nalo, maana ndilo lililonizuia mimi mwenyewe kwa muda mrefu. Lakini tukumbuke kwamba Krapf alipoyakusanya maneno ya Kiswahili katika kamusi iliyochapishwa London mwaka 1882, naye aliyaondoa kinywani mwa watu akayapanga kwa alfabeti. Kazi hiyo haikuiua lugha. Leo tunaitumia kuyafufua maneno ambayo vinywa vimeyasahau. Kamusi haichukui nafasi ya shairi, ila shairi lisilo na kamusi huzeeka likawa fumbo.

Wengine watasema kwamba siku hizi kuna akili unde, ambayo hujibu kila swali bila kuhitaji funguo wala mabano. Kweli, hujibu. Lakini mifumo hiyo hujifunza kwa maandishi iliyolishwa, na iwapo ndoo ya Kiamu haikuandikwa mahali popote ikaelezwa, itajibiwa kama ndoo ya kisimani kwa ufasaha mkubwa zaidi. Isitoshe, faili ya JSON ina fadhila moja: unaweza kuifungua, ukalisoma jibu, ukamwona aliyekosea na ukamsahihisha. Mimi nililigundua kosa langu kwa sababu niliweza kuhesabu.

Kuna na wale watakaosema kwamba huo ni ufundi wa idara nyingine. Kwao ninajibu kwamba kalamu nayo ilikuwa ufundi wa idara nyingine. Kumtafuta mwanachama wa kitu kwa skripti ni jambo la kujifunza kwa majuma machache. Kuzijua lahaja, homonimu, ngeli na viambishi ni jambo la miaka. Ni rahisi zaidi kwa mwanafunzi wa Kiswahili kujifunza mabano kuliko kwa mtunga programu kujifunza Kiamu.

Hitimisho

Ningependa kupendekeza mambo matatu. Kwanza, chama chetu kianzishe faili moja ya pamoja ya msamiati, ambamo kila mwanachama wa chama, naam, wanachama wenye damu na nyama, atachangia maneno ya lahaja ya kwao. Kanuni zake ziwe chache na zifuatwe: ufunguo uwe wa herufi ndogo na ritifaa iliyonyooka, thamani iwe orodha siku zote, hata kama neno lina maana moja, lahaja itajwe, mahali neno lilipopatikana patajwe, na maana isiyojulikana iandikwe kuwa tupu, isibuniwe. Pili, wahadhiri wetu waitengee somo la leksikografia saa chache za kufundisha jinsi ya kupanga na kutafuta data kwa lugha ya skripti. Tatu, faharasa za msamiati zinazoambatishwa katika tasnifu za uzamili zihifadhiwe pia kwa JSON, kwani nyingi mno hufia rafuni, zikiwa zimesomwa na watahini peke yao.

Kuhusu faili langu, nimelirekebisha. Orodha ya washairi imerudi katika nafasi yake, nayo ya sanifu ipo kando yake, hakuna iliyofutwa. Juzi nililiuliza tena neno ndoo. Limenipa majibu mawili, la kwanza likiwa na alama ya Kiamu, na nilipolisoma niliusikia tena mwito wa mshairi akimwita mtu aje. Mwito huo ulikuwa umenyamazishwa na mkono wangu, kwa kutojua. Mangapi mengine yamenyamazishwa, nasi hatuna habari? Asiyekuwapo na lake halipo. Tuwepo.